Kompyuta mpakato inayochemka na kumaliza betri ikiwa imelala: hatua za kumtafuta mkosaji

Somo hili linamhusu mtu aliyefunga kompyuta mpakato yake jioni ikiwa na chaji ya kutosha, akaiweka kwenye mkoba, na asubuhi akaitoa ikiwa ya moto huku betri imebaki na asilimia chache au imekwisha kabisa. Wengi wakikutana na hali hiyo hukimbilia kununua betri mpya, ilhali lile joto lenyewe ni ushahidi kwamba kosa huenda haliko kwenye betri. Betri iliyochoka huishiwa haraka, lakini kwa kawaida haichemshi mashine nzima. Umeme uliopotea umeliwa na kitu fulani, iwe ni prosesa, kadi ya mtandao au kifaa kingine kilichokuwa macho wakati wewe ukiamini kwamba kila kitu kimelala. Kwa hiyo, kabla ya kufungua skrubu hata moja, iulize mashine ilifanya nini usiku. Inayo kumbukumbu, na itakujibu.

Hatua ya kwanza ni hesabu. Andika asilimia ya betri unapofunga kifuniko na asilimia unayoikuta unapofungua, pamoja na saa zilizopita katikati. Tuseme betri yako ina uwezo wa wati-saa 50 na imepoteza asilimia 30 kwa saa 8: hizo ni wati-saa 15, yaani mashine imekula wastani wa karibu wati 2 muda wote. Usingizi wa kweli hula sehemu tu ya wati moja, kwa hiyo hapo kuna kitu kinachovuja polepole. Lakini betri hiyo hiyo ikiisha yote kwa saa 4, wastani unapita wati 12, na hicho ni kiwango cha mashine iliyoamka na inafanya kazi ndani ya mkoba usio na hewa. Hali hizi mbili zina visababishi tofauti, na ni vyema ujue uko upande gani kabla ya kuendelea.

Hatua ya pili ni kujua aina ya usingizi wa mashine yako. Kwenye Windows, fungua kidirisha cha amri ukiwa na ruhusa za msimamizi, kisha andika `powercfg /a`. Ukiona S3 kwenye orodha ya hali zinazopatikana, mashine yako hulala kwa mtindo wa zamani, ambapo prosesa huzimwa na RAM pekee, yaani kumbukumbu ya muda ya mashine, hubaki ikipewa umeme. Ukiona S0 Low Power Idle, basi ni mtindo mpya ulioanza na Windows 8 mwaka 2012 na kupanuliwa katika Windows 10: skrini huzima, lakini mfumo hubaki katika hali ya utulivu kama simu, ukiweza kuamka kidogo kupokea barua pepe au masasisho. Malalamiko mengi ya joto ndani ya mkoba hutoka kwenye mtindo huu wa pili, kwa sababu usingizi wake hutegemea kila programu na kila draiva (programu ndogo inayoendesha kifaa) kukubali kutulia, na mmoja akikataa hukosesha usingizi mfumo mzima.

Hatua ya tatu ndiyo kiini cha somo hili, kwa hiyo usiiruke. Kwa mashine ya S0, andika `powercfg /sleepstudy`. Amri hiyo hutengeneza ripoti ya siku 3 zilizopita ambayo unaifungua kwa kivinjari. Tafuta kipindi kirefu cha usingizi, ule wa usiku, kisha tazama kiasi cha chaji kilichopotea na asilimia ya muda ambao mashine ilikuwa katika utulivu wa kweli. Asilimia hiyo huonyeshwa mara mbili, SW kwa upande wa programu na HW kwa upande wa vifaa. Ukikuta SW iko 98 huku HW ikiwa 0, maana yake programu zote zilinyamaza lakini kuna kifaa au draiva iliyozuia chipu kushuka kwenye utulivu wa chini kabisa. Zote mbili zikiwa chini, anza kwa kuzishuku programu na huduma. Ukibofya kipindi chenyewe utaona wakosaji wakuu wamepangwa kwa muda walioshughulika, na mara nyingi jina la kwanza linatosha kukuonyesha pa kuanzia.

Kwa mashine ya S3, amri ni nyingine. `powercfg /lastwake` hutaja kilichoiamsha mara ya mwisho, `powercfg /waketimers` huonyesha kazi zilizopangiwa saa ya kuiamsha, na `powercfg /devicequery wake_armed` huorodhesha vifaa vyenye ruhusa ya kuamsha. Kipanya kisichotumia waya ni mkosaji wa mara kwa mara, kwani kikitikisika kidogo mkobani mashine huamka. Mnyime ruhusa kila asiyeihitaji, kupitia kichupo cha usimamizi wa umeme katika sifa za kifaa hicho.

Hatua ya nne ni marekebisho. Sasisha BIOS (programu ya msingi inayoiwasha mashine kabla ya Windows) na draiva za chipu, grafiki na Wi-Fi kutoka kwa mtengenezaji wa mashine yenyewe, kwa sababu hali ya HW 0 mara nyingi hutibiwa hapo. Zima vipima muda vya kuamsha katika mipangilio ya umeme. Chomoa chaja kwanza, subiri kidogo, ndipo ufunge kifuniko, kwa kuwa mashine zinazolala kwa S0 huruhusu shughuli nyingi zaidi zikiwa kwenye umeme wa ukutani. Fanya badiliko moja kila usiku na urudie hesabu ya hatua ya kwanza. Ukibadilisha mambo matano kwa pamoja hutajua lipi lililoponya.

Ikiwa yote hayo hayakutosha, tumia haibaneti, ambapo yaliyomo kwenye RAM huandikwa kwenye diski na mashine kuzimika. Iwashe kwa `powercfg /hibernate on`, kisha weka kwamba kufunga kifuniko wakati wa kutumia betri kuielekeze mashine huko. Itachelewa kidogo kuamka, lakini haitachemka. Kwa maoni yangu, mtu anayesafiri na mashine kila siku angeanza na hili mara moja, kisha aendelee na uchunguzi kwa nafasi yake.

Vumbi kwenye feni ni suala la mashine inayochemka ikiwa macho. Lisafishe, lakini usilitarajie litibu usingizi.

Maswali ya wanachama

Swali: Asante kwa somo, mwalimu. Haibaneti haitaijaza diski yangu? Nina SSD ndogo.

Jibu: Karibu, ndugu. Faili lake, hiberfil.sys, kwenye Windows 10 kwa kawaida huchukua kama asilimia 40 ya RAM, kwa hiyo mwenye RAM ya GB 16 atengee zaidi kidogo ya GB 6. Kuhusu kuichakaza SSD, kuandika mara moja au mbili kwa siku si mzigo wa kukutia wasiwasi.

Swali: Mashine yangu ina S0 tu. Nimeona watu wakibadilisha rejista, ile hifadhi ya mipangilio ya ndani ya Windows, ili kulazimisha S3. Nifanye?

Jibu: Usifanye kabla ya kuangalia BIOS. Baadhi ya mashine, zikiwemo baadhi ya ThinkPad, zina chaguo la aina ya usingizi humo, na hiyo ndiyo njia salama. Ikiwa mtengenezaji hakuweka S3, kuilazimisha kunaweza kuondoa kabisa chaguo la kulala, au mashine ikalala na kukataa kuamka.

Swali: Mimi natumia Linux. Nianzie wapi?

Jibu: Andika `cat /sys/power/mem_sleep`. Neno lililo ndani ya mabano ya mraba ndilo linalotumika sasa. Kama ni s2idle na neno deep lipo kando yake, ongeza `mem_sleep_default=deep` kwenye vigezo vya kerneli (kiini cha mfumo wa Linux), uwashe upya na upime usiku mmoja. Kama deep haipo kabisa, rudi kwenye haibaneti.

Swali: Yangu hupoteza chaji hata nikiizima, na siku hizi padi mguso, ile ya kusogezea kishale kwa kidole, imeinuka kidogo upande mmoja.

Jibu: Ndugu, hilo la padi mguso litangulie mengine yote. Betri iliyovimba huisukuma sehemu hiyo kutoka chini, kwa hiyo acha kuichaji, zima mashine, usiibonyeze wala kuitoboa, na umpelekee fundi aitoe. Betri mpya ikishawekwa na chaji ikiendelea kupotea mashine ikiwa imezimwa, zima katika BIOS ruhusa ya kuamshwa kupitia mtandao na ile ya tundu la USB kuchaji simu wakati mashine imezimwa.