Namna ya Kuanza Kusoma Chimbuko la Fikra za Uchumi Barazani Lamu

Anayetaka kufuatilia chimbuko la fikra za uchumi hushauriwa mara nyingi aanze na Adam Smith, Mskoti aliyetoa kitabu cha Utajiri wa Mataifa mwaka wa 1776, ushauri unaomkosesha zaidi ya miaka 2000 ya hoja. Njia ifuatayo inawafaa watu watano au sita wanaokutana barazani baada ya swala ya alasiri, na haihitaji kingine ila daftari, tafsiri za vitabu vichache na jozi ya makubadhi.

Yawekeni makubadhi hayo katikati ya mkeka, kisha msome kitabu cha kwanza cha Siasa cha Aristotle, mwanafalsafa Mgiriki (384–322 KK), pale anapoeleza kwamba kiatu kina matumizi mawili: kuvaliwa na kubadilishwa kwa kitu kingine. Msipite hapo kwa haraka. Ulizaneni ni jozi ngapi zingetosha kupata korija moja ya boriti za mikoko, yaani boriti ishirini, na ni nani mwenye haki ya kuitaja idadi hiyo, ilhali mshona viatu na mkata mikoko hawafanyi kazi ya aina moja wala hawatumii muda sawa. Mkishabishana vya kutosha, fungueni kitabu cha tano cha Maadili, andiko lake jingine, ambamo anamlinganisha mshona viatu na mjenzi wa nyumba; humo anasema kinachowaunganisha ni kuhitajiana, na kwamba sarafu huwakilisha haja hiyo kwa makubaliano ya watu, si kwa maumbile.

Kikao cha pili ni cha Al-Ghazali (1058–1111), ambaye wengi wetu tunamjua kwa Ihya Ulum al-Din katika mambo ya ibada, tukasahau kwamba humo humo ameandika juu ya dinari na dirhamu. Mfano wake ni wa mtu mwenye zafarani anayehitaji ngamia: hao wawili watajuaje ni zafarani kiasi gani inayolingana na mnyama mzima? Ndipo anapozifananisha sarafu na kioo, ambacho hakina rangi yake lakini huonyesha kila rangi, na kumfananisha anayezirundika na mtu aliyemfunga hakimu gerezani. Kwa maoni yangu, hakuna maelezo ya fedha yaliyo mafupi na makali kuliko hayo.

Ibn Khaldun, mwanahistoria mzaliwa wa Tunis (1332–1406), anatosha kwa kurasa chache za Muqaddima aliyoiandika mwaka wa 1377, hasa hoja yake kwamba dola changa hutoza kodi ndogo ikapata mapato makubwa, na dola iliyochakaa hutoza kodi kubwa ikaambulia kidogo.

Mwishoni mchukueni Thomas Aquinas, mwanateolojia wa Kikatoliki (takriban 1225–1274), na kitabu chake Summa Theologiae, lakini ficheni kwanza jibu lake. Msomaji mmoja aeleze tu swali: mfanyabiashara analeta nafaka penye njaa, naye anajua wengine wako njiani na shehena zao, je, analazimika kuwaambia wanunuzi? Mfikirieni nahodha aliyetia nanga mbele ya Lamu huku akijua majahazi mengine yako nyuma yake, na kila mmoja aandike jibu lake daftarini kabla kitabu hakijafunguliwa. Aquinas anasema kwamba akiuza kwa bei anayoikuta bila kusema hatendi dhuluma, ingawa akisema, au akipunguza bei, wema wake huwa mkubwa zaidi.