Ziba mlango uone kinachojaa: namna ya kuusoma umetaboli mwaka wa kwanza

Mdogo wangu unayeanza bayokemia, kabla hujakariri hatua kumi za glikolisisi, njia ya seli ya kuvunja glukosi, nenda soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, ukamshike sangara aliyekufa saa chache zilizopita. Mimi nimekulia pale, mama anauza samaki, na miaka yote nilimwona sangara akikakamaa kama gogo nisijue kisa. Kisa ni ATP, molekuli inayoipa seli nishati. Msuli unapojikunja, vichwa vya miosini hung'ang'ania nyuzi za aktini, na haviachii mpaka ATP mpya ivifikie. Samaki akifa, oksijeni haimfikii tena, ATP inaisha, vichwa vinabaki vimeng'ang'ania. Atalegea baadaye, vimeng'enya vikianza kumega protini zake. Kwa hiyo ATP si ya kuvuta tu, hata kuachia kunaihitaji. Shika hilo kwanza.

Mwaka wa kwanza nilikariri majina yote ya vimeng'enya vya glikolisisi, kuanzia heksokinesi mpaka piruvati kinesi. Kwenye UE, mtihani wa mwisho wa muhula, nikakuta swali moja: nini kitatokea NAD+ (hupokea elektroni, ikizibeba inaitwa NADH) ikiisha ndani ya seli? Sikuwa na neno. Nilirudi kufanya sapu (mtihani wa marudio) bumu (pesa ya mkopo) likiwa limeshaisha, na ndipo nilipobadili namna ya kusoma.

Nunua choroko na maharage mekundu, kidogo tu. Tandika manila sakafuni, chora seli, na ndani yake mitokondria. Weka maharage sita, kila moja ni kaboni: hiyo ndiyo glukosi. Yagawe matatu matatu yakiwa bado kwenye sitoplazimu, nje ya mitokondria. Umepata piruvati mbili, umelipa ATP 2, umepokea 4, na juu yake NADH 2. Kila piruvati ikiingia mitokondria, harage moja linatoka kama kabonidayoksaidi, unapokea NADH moja, na yanabaki mawili: asetili-KoA. Sasa weka choroko nne, ndiyo oksaloasetati. Mbili na nne ni sita, yaani sitrati. Zungusha, kaboni mbili zitoke: huu ndio mzunguko wa Krebs. Hapa nilikosea muda mrefu: zinazotoka kwenye mzunguko wa kwanza ni choroko, si yale maharage yaliyoingia sasa hivi. Ukitumia rangi mbili utaliona kwa macho, hutalisahau.

Pembeni weka daftari la mapato na matumizi, kama la mama sokoni. Glukosi moja ikiisha yote, utakuwa na NADH 10, FADH2 2 (nayo hubeba elektroni) na ATP 4 za moja kwa moja (mbili kati yake vitabu vingi huziandika GTP). Ukihesabu kila NADH kwa ATP 2.5 na kila FADH2 kwa 1.5 unafika ATP 32. Inakuwa 30 pale NADH za sitoplazimu zinapovushwa kwa njia ya gliseroli-fosfati. Vitini vya zamani vina 38 au 36 kwa sababu vilihesabu 3 na 2. Kwenye mtihani onesha hesabu nzima, usiandike namba tupu.

Hayo ni maandalizi. Kusoma kwenyewe ni kuziba mlango mmoja, yaani kimeng'enya au hatua moja ya njia, na kuuliza maswali mawili: kipi kinajaa nyuma yake, kipi kinakosekana mbele? Kivuko cha Kamanga kikisimama, magari yanapanga foleni upande huu, na ng'ambo hashuki mtu. Hans Krebs na mwanafunzi wake walifanya hivyohivyo mwaka 1937 kwa msuli wa kifua cha njiwa: waliweka malonati, inayoziba kimeng'enya kinachobadili saksineti, na saksineti ikajaa. Mzunguko unaokutesa leo ulipatikana kwa kuziba mlango.

Ziba mlango wa mwisho sasa. Bibi yangu kule Ukerewe huloweka muhogo mchungu, akauvundika, akauanika mpaka uwe udaga. Anajua usipofanywa hivyo unaua. Muhogo huo una linamarini, inayotoa sianidi, na sianidi hukamata kituo cha nne cha mnyororo wa elektroni (unaopokea elektroni za NADH na kusukuma protoni ili ATP itengenezwe), pale oksijeni inapopokea elektroni. Rudi nyuma taratibu kwenye manila yako. Oksijeni ipo ndani ya damu lakini haipokei kitu. Elektroni zinakwama, protoni hazisukumwi, ATP ya mitokondria inakoma. NADH inajaa, NAD+ inaisha, mzunguko wa Krebs unasimama. Inabaki glikolisisi peke yake, nayo haiwezi kwenda bila NAD+, ndiyo maana piruvati inageuzwa laktati: kazi yake ni kurudisha NAD+. Hilo ndilo lilikuwa jibu la swali langu la UE, na bibi alikuwa akiishi nalo jikoni.

Kwenye diskasheni msisomeane madesa. Mmoja azibe mlango, wengine waseme kinachojaa na kinachokosekana, kila mtu aoneshe kwa kidole kwenye manila. Anzeni na seli nyekundu ya damu, kwa kuwa haina mitokondria na njia yake ni fupi. Zibeni piruvati kinesi, kimeng'enya cha mwisho cha glikolisisi. ATP itapungua, seli itashindwa kuendesha pampu zake na kufa mapema, mgonjwa atapungukiwa damu. Nyuma ya mlango itajaa 2,3-BPG, inayofanya himoglobini iachie oksijeni kwa urahisi zaidi, kwa hiyo mgonjwa huyo huvumilia upungufu wa damu kuliko mnavyotarajia. Mkifika hapo bila kufungua kitini, hamieni kimeng'enya kingine, G6PD.