Unataka kufuta tatuu kwa leza? Soma hii kabla hujatoa hela

Kuna kijana wa jirani hapa Kirumba, Mwanza, alinifuata nafasi za polisi zilipotoka, ana jina la mama yake mkononi, ananiuliza dada hiyo leza uliyofanya wewe inachukua siku ngapi maana zimebaki wiki mbili dirisha lifungwe. Aisee iliniuma kumjibu. Tangazo linasema wazi mwombaji asiwe na alama ya kuchorwa mwilini, na leza haifuti tatuu kwa wiki mbili, wala miezi miwili. Ndio maana naandika hii, kwa sababu wengi tunaanza kuulizia siku ambayo tumeshachelewa halafu presha ndo inatupeleka kwa mtu yeyote mwenye mashine.

Weka kichwani mwaka mzima, na mara nyingi unazidi. Sababu ni hii, wino wa tatuu haupo juu pale unapopaona, uko ngozi ya ndani, chini ya ile inayobanduka kila siku, na umeshikwa na seli za kinga za mwili ambazo zimeumeza ila zimeshindwa kuusaga kwa sababu punje zake ni kubwa. Leza inapiga mwanga kwa muda mfupi mno, sehemu za bilioni za sekunde (mashine za piko ni fupi zaidi hata ya hapo), punje zinapasuka zinakuwa vumbi, halafu mwili wenyewe unalibeba lile vumbi kidogo kidogo kwa njia ya limfu (majimaji ya mwili yanayobeba uchafu). Yaani mashine inavunja tu, anayefuta ni mwili wako. Ndo maana kati ya awamu na awamu unasubiri wiki 6 hadi 8, na kwa ngozi zetu mimi nasema 8 au zaidi, na mtu akikwambia njoo kila wiki tumalize haraka, ondoka hapo. Awamu 6 mpaka 10 ni kawaida. Piga hesabu mwenyewe, awamu 8 zenye wiki 8 katikati ni zaidi ya mwaka.

Kuna tatuu zinatoka mapema na kuna zinazogoma. Nyeusi ndo rahisi kuliko zote. Zile za kuchorana bwenini kwa sindano na wino wa kalamu mara nyingi zinawahi kwa sababu wino ni mchache, tofauti na ya fundi mwenye mashine aliyejaza rangi vizuri, na ukichora nyingine juu kuficha ya kwanza umeongeza mzigo. Ya begani au kifuani inawahi kuliko ya kifundo cha mguu au vidole, damu na limfu huko chini haziendi kwa kasi ileile. Wavuta sigara nao wanachelewa. Kijani, bluu na njano ni shughuli. Na chale za kienyeji, hapa Usukumani wengi tunazo, lile ni kovu, leza ya tatuu inavunja wino au masizi lakini mkwaruzo wenyewe utabaki.

Sasa hili la ngozi nyeusi naomba ulisome mara mbili. Leza inatafuta rangi, na ngozi yetu yenyewe ina rangi, melanini, kwa hiyo mashine isiyofaa haichagui, inachoma wino na inakuchoma na wewe. Mimi mara ya kwanza niliingia mahali kwa sababu ya bei, sikuuliza chochote, kumbe wananipiga na mashine ya mwanga ya kutolea nywele. Nilitoka na malengelenge makubwa na mpaka leo nina baka jeupe juu ya kiwiko, na tatuu haikuguswa. Nililia sana. Kwa hiyo uliza swali moja tu ukiingia mlangoni, mashine yenu ni ya aina gani na inapiga nanomita ngapi, yaani urefu wa mawimbi ya mwanga wake. Kwa wino mweusi kwenye ngozi nyeusi jibu unalotaka kusikia ni Nd:YAG ya nanomita 1064, mawimbi hayo yanazama chini na melanini haiyanywi sana. Mashine hiyohiyo ikiwekwa 532 ni ya wino mwekundu, hapo hatari kwetu inapanda. 755 na 694 wanatumia kwa kijani na bluu, nazo ni za kuogopa kwenye ngozi nyeusi. Asiyejua kujibu asikuguse. Na usibabaike na jina piko peke yake, ni mashine nzuri na mara nyingine inapunguza awamu, ila piko mkononi mwa asiyejua ngozi yetu inaunguza vilevile.

Halafu dai kipimo kidogo kwanza. Wapige kipande kama cha ukucha, uende nyumbani, usubiri wiki kadhaa uone kama panakuwa peupe, panazidi weusi au panavimba. Anayekataa kufanya hivyo ana haraka na hela yako.

Makovu ya kuvimba, keloidi, jichunguze. Angalia ulipotoboa sikio, kovu la chanjo begani, popote ulipowahi kuumia. Kama pamevimba na kukua kupita jeraha lenyewe, mwambie daktari kabla hajawasha mashine. Mwambie pia kama una mimba au unanyonyesha (subiri tu, tatuu haikimbii), kama unameza vidonge vya chunusi vya isotretinoini, na kama unapaka mkorogo. Kwenye mkorogo usione aibu dada yangu, sema ukweli, ngozi iliyolainishwa na krimu za steroidi ni nyembamba, inaungua haraka na kupona inachelewa. Kama tatuu imechorwa juu ya baka au kidoti cha kuzaliwa, daktari akikague kwanza. Na kama sehemu nyekundu ya tatuu inawasha na kuvimba muda wote, hiyo inaweza kuwa aleji ya wino, leza ikiutawanya unaweza kuvimba mwili mzima.

Wa nyusi na midomo ya kuchora mnisikilize. Wino mweupe, wa pinki au wa rangi ya ngozi mara nyingi una madini ambayo yakipigwa leza yanageuka meusi palepale. Unaingia na mdomo wa pinki unatoka na mweusi. Hapo kipimo kidogo ni lazima, na kwa nyusi lazima ufunikwe macho kwa vikinga maalum vya chuma.

Siku yenyewe utavaa miwani, na kila mtu chumbani avae, ya aina inayoendana na mashine ile, miwani ya jua haizuii chochote. Maumivu ni kama mafuta ya moto yanavyokurukia ukikaanga sato, tap tap tap, ila tatuu ndogo ni dakika chache. Wana krimu ya ganzi, waache waipake wao, usijipakie mkono mzima nyumbani maana ikizidi inaingia kwenye damu na inadhuru moyo. Ngozi itakuwa nyeupe kama imemwagiwa unga, usishtuke, ni gesi tu, inapotea kwa dakika chache.

Malengelenge yakitoka usiyapasue. Nawa taratibu kwa maji safi na sabuni isiyo kali, kausha kwa kugusa tu, paka vaselini, funika na bandeji isiyonata. Dodoki weka mbali. Na ziwani usiingie mpaka pafunge kabisa, najua kwa watu wa mwaloni na wa visiwani hili ni gumu maana ziwa ndo bafu, lakini maji yale yana vijidudu na kichocho juu, omba mtu akuchotee ya kuchemsha. Jua ndo adui mkubwa kwa sisi tulio karibu na ikweta, na maji yanarudisha mwanga usoni na mikononi, muanika dagaa anapigwa juu na chini. Vaa mikono mirefu, jifunge kanga, na pakishapona paka losheni ya kukinga jua ya 30 kwenda juu. Ukienda awamu inayofuata na ngozi iliyoungua na jua, daktari mzuri atakurudisha. Ukiona usaha, homa, au pana joto na panauma zaidi siku ya tatu kuliko ya kwanza, nenda hospitali siku hiyohiyo. Usisubiri wekundu, kwenye ngozi yetu hauonekani vizuri.

Maji ya betri, chumvi ya kusugua, pasi, krimu za kuagiza mtandaoni, acheni jamani. Krimu haifiki wino ulipo, na asidi inafika kwa kula nyama yako yote ya juu, unabadilisha tatuu kwa kovu.

Pa kuanzia ni kwa daktari wa ngozi hata kama leza yenyewe utaenda kuifanyia mkoa mwingine. Hapa kwetu Mwanza panda hospitali ya Bugando ulizia kliniki ya ngozi, au kama una ndugu Moshi, hospitali ya KCMC kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992. Unapopanga bajeti uliza bei ya awamu moja zidisha mara 8 au 10, jumlisha basi la kwenda na kurudi, na usilipie zote kwa mpigo hata wakikupa punguzo, lipa moja moja ili ukiona mambo mabaya uondoke na hela yako.

Na piga picha kabla ya kila awamu, sehemu ileile, mwanga uleule, mimi nilikuwa nasimama mlangoni saa mbili asubuhi. Kwa macho ya kila siku utaona hakuna kitu kinachobadilika utataka kuacha. Mimi awamu ya nne nilikata tamaa kabisa, nikafungua picha ya kwanza kwenye simu, nikakuta herufi mbili za mwisho hazipo.