Nywele Zikianza Kutoka Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito

Mwezi wa nne baada ya upasuaji, kitana changu kilijaa nywele na tundu la maji bafuni likaziba. Nililia. Kumbe mshtuko wa upasuaji na kupungua uzito kwa kasi hufanya nywele nyingi ziingie mapumzikoni kwa mpigo, kisha zidondoke miezi mitatu hivi baadaye. Mzizi haufi.

Kwa hiyo usikimbilie mafuta ya kupaka, anzia kwenye sahani. Kula protini kabla ya kitu kingine chochote, maana tumbo dogo hujaa upesi: yai, samaki, mtindi, maharage yaliyopondwa. Wengi huambiwa wafikishe gramu 60 hadi 80 kwa siku. Mimi niliandika kila tonge kwenye daftari, nikagundua sifikishi hata 40; chai ndiyo ilikuwa inanijaza! Tangu hapo nikila sinywi, na nasubiri nusu saa ndipo niguse kikombe.

Vidonge vya vitamini ni vya kila siku, maisha yote. Vya chuma na vya kalsiamu usivimeze pamoja. Viachanishe kwa saa mbili. Zinki usijiongezee kiholela, ikizidi hupunguza shaba mwilini. Ukitumia bayotini, vitamini inayouzwa sana kwa ajili ya nywele, mwambie daktari kabla ya kupima damu, kwani huvuruga baadhi ya majibu.

Nywele zikiendelea kutoka baada ya mwaka, omba upimwe akiba ya chuma, zinki, vitamini B12 na tezi ya thairoidi iliyoko shingoni. Zangu zilianza kuota mwezi wa tisa, fupi, zimesimama wima juu ya paji kama brashi.