Udongo mweusi wa Rungwe: fosforasi imo, lakini imefungwa

Ndugu mkulima wa Rungwe, chota udongo wa shamba lako, ulowanishe, uufikiche kwa kidole gumba na cha shahada. Mwanzo unashikana. Ukizidi kuukandamiza unaachia maji na kuteleza kama umepakwa mafuta. Huo ni udongo wa majivu ya volkano, na namna ya kuulisha ni tofauti na udongo mwingine.

Tukuyu iko pale mikono mitatu ya Bonde la Ufa inapokutana: wa Rukwa, wa Usangu na wa Ziwa Nyasa. Ardhi inavutwa huku na huku, gamba lake linakonda, mwamba wa moto unapata njia ya kupanda. Kazi hiyo imeendelea kwa mamilioni ya miaka. Mlima Rungwe ulilipuka kwa nguvu yapata miaka 4,000 iliyopita, na Kyejo ulimwaga lava miaka kama 200 tu nyuma. Kusini mwa Chile chanzo ni kingine: bamba la sakafu ya bahari linazama chini ya Amerika Kusini, na maji linayoshuka nayo huufanya mwamba wa juu yake uyeyuke kwa urahisi. Huku ardhi inaachana, kule inagongana. Lakini majivu ni majivu, na wakulima wa kule, ambao udongo wao huitwa trumao, wana shida ileile yako ya fosforasi: kirutubisho hicho kimo udongoni, lakini mmea haukipati.

Majivu yakioza hutoa chembechembe laini sana zenye aluminiamu na chuma, nazo huinasa fosforasi ya mbolea kabla mizizi haijaifikia. Mvua ya Tukuyu, inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, nayo huosha chokaa ya asili na kuacha uchachu. Ndiyo maana unaona mahindi machanga yamedumaa, majani yana rangi ya zambarau, na udongo chini yake mweusi tii. Weusi ule ni mboji. Usikudanganye ukaacha mbolea ya kupandia.

Basi usiirushe mbolea hiyo shamba zima, maana ukiitawanya unaipa udongo nafasi ya kuinasa yote. Weka kwenye shimo: kifuniko kimoja cha soda cha DAP, mbolea ya kupandia yenye fosforasi, funika na udongo kidogo, ndipo uweke mbegu isije ikaungua. Changanya na samadi iliyoiva. Samadi hushindania nafasi zilezile za kunasia, fosforasi ikabaki kwa mmea. Mbolea ya Minjingu, inayotokana na mwamba wenye fosforasi, nayo inafaa hapa, kwa sababu uchachu wenyewe ndio unaoiyeyusha. Kuhusu chokaa, pima udongo kwanza.

Jambo la mwisho ni mteremko. Okota vile vijiwe vyepesi vyenye matundu, vitupe kwenye ndoo ya maji: vinaelea. Mvua ya Machi ikikuta viazi vimepandwa kwa matuta yanayoshuka na mlima, tabaka la juu lenye mboji, jepesi vilevile, linaondoka na maji. Kata matuta kukinga mteremko, panda majani ya guatemala kwenye kingo, na mabua usiyachome. Yatandaze kati ya mistari ya migomba na kahawa kabla mvua haijaanza.