Jinsi ya kukagua hela za korona walizolipwa wakulima wa kaunti yako Marekani

Kama unaishi kaunti ya mashambani huko Marekani na umesikia watu wananong'ona eti jirani fulani alivuta laki kadhaa za dola kipindi cha korona, usiimeze hiyo stori ilivyo. Hizo hesabu ziko wazi na jioni moja tu inakutosha kuzikagua.

Hela nyingi zilipitia mpango wa Wizara ya Kilimo unaoitwa CFAP, ulikuja awamu mbili. Ya kwanza maombi yalianza 26 Mei 2020, ya pili 21 Septemba mwaka huohuo, ikafungwa Desemba halafu wakaifungua tena Aprili 2021. PPP ni kitu kingine kabisa, ile ilikuwa mikopo ya kupitia benki na ina orodha yake, usiichanganye humu.

Sasa ingia tovuti ya FSA, idara ya Wizara ya Kilimo, hao ndio wenye ofisi za wakulima kwenye kaunti, tafuta faili za malipo, shusha yenye jimbo lako ya 2020 na ya 2021. Fungua kwenye Excel, chuja kaunti, kisha chuja jina la programu ubaki na CFAP peke yake. Kila mstari unaonyesha jina la mpokeaji, anwani, tarehe hela ilipotoka na kiasi. Hapa ndo watu wengi wanateleza, maana jina moja linaweza kutokea mara nne tano na mtu akadhani ni wizi, kumbe awamu ya kwanza walilipa asilimia 80 kwanza na iliyobaki ikafuata baadaye, kwa hiyo ombi lilelile moja linakuwa na mistari miwili. Jumlisha kwanza ndo uongee. Na anwani ni ya posta ya mpokeaji, shamba lenyewe linaweza kuwa kwingine.

Ukishapata jumla, ipime na kanuni. Chukua ng'ombe awamu ya pili: dola 55 kwa kichwa, kwa idadi aliyokuwa nayo mkulima siku aliyochagua mwenyewe kati ya 16 Aprili na 31 Agosti 2020, wa kuzalisha hawakuhesabiwa. Mwenye ndama 12 wa kuuza alipata dola 660. Mwenye 400 alipata 22,000. Hakuna aliyeiba hapo, mpango ulifuata ukubwa wa shamba, na mimi naona hilo ndilo la kupigia kelele, maana mkulima mdogo aliumia vilevile.

Kikomo kilikuwa dola 250,000 kwa mtu mmoja kwa kila awamu. Ukiona kampuni imepita hapo usishtuke, iliruhusiwa kufika 750,000 kama ina wanachama watatu na kila mmoja ametoa angalau saa 400 za kazi au usimamizi.

Na kama jina ni lako na kiasi hakilingani na kilichoingia benki, nenda ofisi ya FSA ya kaunti na nakala ya fomu uliyosaini, AD-3114 ya awamu ya kwanza au AD-3117 ya pili, pamoja na ile 1099-G uliyotumiwa ya kodi, uombe wakuonyeshe mstari kwa mstari.