Kuvuka Wami ukitokea Tanga

Ukifika Segera kata kushoto uikamate ya Chalinze, pita Mkata mpaka Mandera, hapo anza kupunguza mwendo maana Wami iko mbele. Kwenye mteremko shuka gia, usitegemee breki peke yake zitachemka, ukisikia ile harufu ya kuungua tafuta pembeni pa kupaki zipoe kwanza, na ukikuta semi imesheheni mbele yako tulia nyuma yake, usiovateki kwenye kona hata kama dereva anakuwashia indiketa. Daraja jipya lenyewe raha tupu, zaidi ya mita 500 na magari yanapishana, siyo lile la 1959 la njia moja mnasubiriana huku malori yanaunguruma. Ila kusimama juu kupiga selfi hapana jamani. Na tochi za trafiki za kupima mwendo zipo, hamsini iwe hamsini.